Umepona kiharusi na sasa wataka upasuaji wa urembo? Soma haya kwanza

IKIWA uliwahi kupatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au bonge la damu mguuni, ukalazwa na kisha ukarudi nyumbani kwa neema ya Mungu, huenda siku hizi unajitazama kwenye kioo na kumwona mtu usiyemfahamu. Tumbo limelegea kwa kulala kitandani wiki nyingi. Mdomo umekwenda upande. Nguo za zamani hazikukai. Kisha mtoto wa dada yako anakuonyesha kwenye simu tangazo la kliniki ya jijini inayopunguza mafuta ya tumbo kwa siku moja tu.

Usione haya kwa kuitamani huduma hiyo. Kutaka kurudia sura yako ya awali ni sehemu ya kupona, na daktari anayekucheka kwa kumwuliza swali hilo amekosa adabu. Hata hivyo, kuna mambo ambayo tangazo halikuelezi.

Tumchukulie mama wa miaka 48 mwenye duka Keroka. Miezi minne iliyopita alipooza upande wa kulia. Sasa anatembea, anahesabu pesa mwenyewe, na shinikizo lake la damu limeshuka kwa dawa. Anameza aspirini kila siku. Bintiye anaolewa Desemba, naye anataka tumbo likatwe kabla ya siku hiyo. Swali lake ni moja: je, nimepona kiasi cha kutosha?

Jibu ni kwamba miguu yake imepona kabla ya ubongo wake. Katika ubongo wenye afya, mishipa ya damu hujipanua na kujibana yenyewe, hivi kwamba hata shinikizo likishuka kidogo, ubongo bado hupata damu ya kutosha. Baada ya kiharusi uwezo huo huvurugika, na huchukua miezi kurudi. Nayo dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, ina tabia ya kushusha shinikizo la damu. Sehemu ya ubongo iliyonusurika mara ya kwanza inaweza kukosa damu mgonjwa akiwa amelala mezani, na hakuna atakayejua hadi aamke akiwa hawezi kusema.

Watafiti wa Denmark walichunguza jambo hili kwa kutazama operesheni za hiari zaidi ya 480,000 zilizofanywa nchini humo kati ya 2005 na 2011. Matokeo yao yalichapishwa 2014. Waliofanyiwa upasuaji kabla ya miezi mitatu kupita tangu kiharusi walikuwa katika hatari ya takriban mara 14 ya kupata kiharusi kingine, mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, wakilinganishwa na watu ambao hawajawahi kupatwa na kiharusi. Kati ya miezi mitatu na sita hatari ilikuwa karibu mara tano. Ilizidi kupungua hadi mwezi wa tisa, kisha ikatulia. Zingatia kwamba ilitulia tu, haikwisha. Hata baada ya mwaka mzima ilikuwa bado zaidi ya maradufu.

Basi mama wetu wa Keroka, mwenye miezi minne, yumo katika kipindi kibaya. Madaktari hutofautiana kuhusu muda kamili wa kusubiri, wengine wakitaja miezi mitatu na wengine sita au tisa. Tofauti hiyo inatokana na uzito wa operesheni. Mtu mwenye saratani ya utumbo hawezi kungoja miezi tisa. Tumbo lililolegea linaweza.

Kwa mshtuko wa moyo, kanuni inayofuatwa sana ni kutofanya upasuaji wowote wa hiari kabla ya siku 60. Ikiwa uliwekewa kibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, muda huongezeka hadi miezi sita au mwaka, kwa sababu dawa zinazozuia kibomba hicho kisizibe haziwezi kusimamishwa ovyo. Aliyepata bonge la damu mguuni au mapafuni hutakiwa kungoja angalau miezi mitatu.

Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Dawa za kuzuia damu isigande, kama aspirini na wafarini, zinakulinda usipatwe tena na ugonjwa uleule. Lakini daktari wa upasuaji wa urembo hazitaki. Anapokata tumbo huinua ngozi kutoka kinenani hadi karibu na mbavu, na eneo lote hilo linaweza kuvuja damu chini ya ngozi. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla. Ukiziacha dawa, damu inaweza kuganda. Ukiendelea nazo, unaweza kuvuja damu. Katika operesheni ya kuokoa maisha, daktari huchagua hatari iliyo ndogo. Katika operesheni ya urembo unazileta hatari zote mbili mwenyewe, na kuzilipia.

Isitoshe, upasuaji wa kukaza tumbo ni miongoni mwa ule wa urembo unaoongoza kwa damu kuganda. Misuli ikivutwa na kushonwa, tumbo hubanwa ndani na damu ya miguuni hupanda kwa shida. Mgonjwa naye hutembea ameinama, hatua chache tu kwa siku. Kunyonya mafuta nako kuna yake: maji yanayoingizwa chini ya ngozi huwa yamechanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, na moyo uliowahi kuumia huhisi vyote viwili.

Sasa fikiria safari. Kutoka Kisii hadi Nairobi kupitia Bomet na Narok ni zaidi ya kilomita 300, na katika matatu utakaa muda wa saa sita au zaidi ukiwa umekunja magoti. Kukaa hivyo zaidi ya saa nne kunajulikana kuongeza uwezekano wa damu kuganda hata kwa mtu mzima wa afya. Wengi hufanyiwa upasuaji Ijumaa na Jumapili wako njiani kurudi ili kuokoa pesa za malazi. Bonge likitoka mguuni likaenda mapafuni ukiwa umepita Narok, nani atakusaidia? Ukiamua kufanya upasuaji jijini, weka katika hesabu yako nauli, dawa na pia majuma mawili ya kukaa karibu na daktari wako.

Si vitisho vitupu. Mnamo Novemba 2007 Donda West, mamake mwanamuziki Kanye West, alifariki huko Los Angeles siku moja baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta na kurekebisha matiti. Alikuwa na umri wa miaka 58. Uchunguzi wa serikali ulitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na matatizo yaliyofuata upasuaji. Daktari mwingine wa urembo alieleza hadharani kwamba alikuwa amemtaka kwanza alete idhini ya daktari wa magonjwa ya ndani. Operesheni hiyo akaifanyia kwingine. Huku kwetu, Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi kufuatia matatizo ya upasuaji wa kupunguza mafuta, na Baraza la Madaktari likaamuru kliniki husika ifungwe.

Watu wa Gusii si wageni wa upasuaji wa hiari. Ababari, wale waganga wa jadi wa kupasua kichwa, walijulikana hata ng'ambo. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari miaka ya 1950, aliandika kuwahusu kwa kirefu. Aliyekwenda kwa omobari mara nyingi alikuwa amegongwa kichwani muda uliopita na maumivu yakakataa kumwacha. Alikubali kukwanguliwa fuvu kwa sababu alichokuwa akikikimbia kilikuwa kibaya zaidi. Sizungumzi hapa kuwasifu ababari. Lakini mizani yao, ya kupima uchungu ulio nao dhidi ya hatari unayoiendea, haijapitwa na wakati.

Na mizani hiyo haimwangukii kila mtu upande mmoja. Aliyeungua moto hadi kidevu kikashikamana na kifua, aliyepasuka uso katika ajali ya bodaboda, au mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani, hao wanahitaji upasuaji wa kurekebisha maumbile, na si sawa kuwaambia wanajirembesha. Shirika la AMREF lenyewe lilianzishwa 1957 na madaktari watatu wa fani hiyohiyo: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Nao pia huambiwa wangoje mwili utulie, ila kungoja kwao hupangwa pamoja na matibabu mengine.

Kuhusu mdomo uliokwenda upande, subiri zaidi. Uso huendelea kurudi kwa miezi mingi, na anayeukaza mapema anaweza kujikuta umepinda upande wa pili. Mazoezi ya viungo katika hospitali za rufaa, Kisii na Nyamira, ndiyo ya kwanza. Kumbuka vilevile kwamba ngozi nyeusi ni nyepesi kuota makovu ya kuvimba. Ikiwa kovu la chanjo au la kutoga masikio lilikuvimba, la tumbo huenda likafanya vivyo hivyo, na kulikata tu bila matibabu mengine mara nyingi hulirudisha.

Ukiwa bado unataka, anza na daktari aliyekutibu kiharusi au moyo, wala si kliniki ya urembo. Mwombe barua inayoeleza ulipatwa na nini, lini, unameza dawa gani, na ipi inaweza kusimamishwa kwa siku ngapi. Pima shinikizo na sukari, na moyo upigwe picha. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki nne kabla, kwani tumbaku huozesha ngozi iliyoshonwa. Kisha tafuta jina la daktari wa upasuaji katika orodha ya Baraza la Madaktari, uone kama amesajiliwa kama bingwa wa fani hiyo au ni daktari wa kawaida aliyekodi chumba. Uliza ni nani atakayekulaza usingizi, na ukizidiwa usiku utapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali gani. Kliniki isiyo na jibu la swali hilo la mwisho, toka uende zako.

Mama wa Keroka atavaa nini Desemba? Fundi mzuri wa nguo pale Daraja Mbili anaweza kuficha tumbo kwa bei ndogo mno kuliko ya kliniki. Miezi tisa ikitimia, na kama kutembea kwenye vilima kutakuwa kumempunguzia kilo kadhaa, arudi kwa daktari wake na kuuliza tena. Akinyimwa barua, aulize sababu, iandikwe, na ajaribu tena baada ya miezi mitatu.