Tumbo Linalouma Kila Baada ya Chakula

Leo tuzungumze juu ya mtu mzima ambaye kila akila sima, tumbo humsokota.

Hapa Malindi na Kilifi twasema ni vidonda vya tumbo, amiba au chango. Mara nyingi ni hivyo. Lakini uko ugonjwa mwingine, usio wa kawaida: kuvimba kwa mishipa ya damu. (Sina maana ya ule mshipa wa ngiri.) Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia kuta za mishipa. Kuta zikivimba, njia ya damu huwa nyembamba. Utumbo ukipokea chakula huhitaji damu nyingi zaidi. Isipofika ya kutosha, maumivu huanza, aghalabu kati ya nusu saa na saa moja baada ya kula. Mgonjwa huanza kuogopa chakula. Hukonda, na majirani hapo huanza maneno yao ya kurogwa.

Mtazame mwili mzima. Je, ana homa isiyoisha, viungo vinauma, vipele vya zambarau miguuni, au mguu umekufa ganzi? Mweleze daktari yote kwa pamoja. Asiyeambiwa habari za mguu atatibu tumbo peke yake.

Aina moja ya ugonjwa huu huweza kuletwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo yake mwaka 2001, ndani ya penta. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Mwanao usimkoseshe wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Akipewa vidonge vya prednisoloni, asiviache ghafla hata akijisikia mzima. Daktari ndiye hupunguza kidogo kidogo.

Sasa sikiliza vizuri. Maumivu yakija ghafla na makali, tumbo likawa gumu kama ubao, au akatoa choo chenye damu au cheusi kama lami, huenda utumbo unakufa au umetoboka. Usimkande tumbo. Usimpe dawa ya kuharisha, wala ya maumivu kutoka dukani, wala chakula. Tafuta gari umpeleke hospitali ya Malindi au ya kaunti pale Kilifi, usiku huo huo.