Mpe mtoto sekunde tatu

Pita mitaa ya Nyasho hapa Musoma jioni, watoto wakishatoka shule. Hutakosa kumwona mmoja akisukuma gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Gari linavuta kushoto. Mtoto analigeuza, analitazama chini, anakunja uso. Hapo ndipo mzazi mwenye huruma husema, "Lete nikutengenezee."

Gari litanyooka, lakini somo limepotea. Mtoto alikuwa karibu kugundua kwamba gurudumu moja ni dogo kuliko mwenzake. Kama mzazi angeuliza tu, "Unadhani kwa nini linakwenda upande?" kisha akanyamaza, jibu lingekuwa la mtoto mwenyewe. Ubunifu hukua katika ukimya huo, mtoto anapojaribu, anapokosea na kujaribu tena.

Darasani nako tuna haraka ileile. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1970. Aliona kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema, na maswali ya wanafunzi wenyewe yakaongezeka. Sekunde tatu hazihitaji bajeti, na zinawezekana hata katika darasa lililojaa.

Swali lenyewe nalo lina uzito wake. Ukiuliza, "Tatu mara nne ni ngapi?" jibu ni moja na mjadala umekwisha. Jaribu hivi: "Tuna ndoo 12 za dagaa. Tutazigawa kwa njia ngapi ili kila mtu apate ndoo sawa?" Mmoja atasema watu wawili, ndoo sita sita, mwingine watu wanne, tatu tatu. Atatokea wa kuuliza, "Je, wakiwa watano?" Huyo usimkatishe. Mwambie aje ubaoni atuonyeshe.

Wazo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, hapahapa Musoma, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi na kujiamini. Mtoto anayesubiri kuambiwa kila kitu hawezi kufika huko.

Nyumbani, tenga kona moja ambayo mtoto anaruhusiwa kuichafua. Mwekee vizibo vya soda, makopo, mabua na udongo wa mfinyanzi. Kazi ya wembe na ncha za waya isimamie wewe, mengine mwachie. Akikuletea alichotengeneza, usiishie kusema, "Una akili sana." Muulize, "Umefanyaje mpaka magurudumu yakazunguka?" Swali hilo humfanya aone thamani ya mbinu aliyoitumia, na kesho ataitumia kwingine. Kitu kikimharibikia, asichekwe. Anayechekwa leo, kesho hujificha na wazo lake.

Mzazi mwenzangu, nawe mwalimu, leo jioni mtoto akikwama, uliza swali moja, kisha hesabu kimya kimya: moja, mbili, tatu. Mwache aseme yeye.