Masjala za majina ya intaneti nazo ziwajibishwe

Jina jema hung'ara gizani, walisema wazee wetu. Katika intaneti, hata hivyo, jina halina mwenyewe wa kudumu. Shule, kampuni au kanisa linalotaka kujulikana humo hukodi jina kwa mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha bila ya kulipiwa tena, jina hilo laweza kutwaliwa na mwingine. Swali ninalotaka kulijadili leo ni hili: huyo tunayemlipa kodi ya majina yetu anawajibika kwa nani?

Kila kimalizio cha jina, kama vile .ke kwa Kenya au .uk kwa Uingereza, kina daftari moja rasmi ulimwenguni kote. Taasisi inayolitunza daftari hilo ndiyo masjala ya majina. Jina likifutwa humo, tovuti yake hutoweka na barua pepe zake hazifiki. Wala hapawezi kuwa na madaftari mawili ya kimalizio kimoja, kwani jina lile lile lingewaelekeza watu kwenye nyumba mbili tofauti. Kwa hivyo masjala ina ukiritimba unaotokana na ufundi wenyewe, si na hila ya mtu.

Hapo ndipo penye hatari. Muuza unga akipandisha bei bila ya sababu, mnunuzi atavuka barabara anunue kwa jirani. Lakini shule ambayo imekwisha kuandika anwani yake ya intaneti katika barua zake, katika fomu za kujiunga na ubavuni mwa basi lake haiwezi kuvuka barabara. Kuhama kwake ni kupoteza jina. Pale ambapo soko haliwezi kumrudi mtu, budi arudiwe na kitu kingine: katiba, kura na uwazi wa hesabu.

Tuyaangalie yaliyotokea Uingereza. Daftari la .uk hutunzwa na Nominet, kampuni iliyoundwa mwaka 1996 na yenye makao yake mjini Oxford. Haina wenye hisa wanaogawana faida. Ina wanachama, na iliundwa kwa nia ya kuuhudumia umma. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa na wanachama wapatao 2,500 na majina zaidi ya milioni 10 katika daftari lake. Wengi wa wanachama hao ni wafanyabiashara wanaowauzia wananchi majina hayo.

Manung'uniko yalianza polepole. Mnamo Machi 2016 ada ya jumla ilipandishwa ikawa pauni 3.75 kwa mwaka, na Januari 2020 ikafika pauni 3.90. Kiasi hicho ni kidogo kwa jina moja, lakini kizidishe kwa majina milioni 10 uone. Wanachama waliolalamika walidai kwamba mishahara ya wakuu ilikuwa ikinenepa huku misaada kwa umma ikikonda, na kwamba fedha zilikuwa zikipelekwa katika shughuli zilizo mbali na utunzaji wa daftari, ikiwemo miradi ya magari yanayojiendesha. Uongozi ulijibu kwamba biashara ya majina haikui tena kama zamani, na kwamba kampuni isiyotafuta njia nyingine za mapato itakuja kudhoofika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwaka 2020 uongozi ulilifunga baraza la mtandaoni ambamo wanachama walikuwa wakijadiliana. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipojimaliza. Anayeamini kuwa hoja zake zina nguvu hana haja ya kuwafunga wengine midomo.

Mwanachama mmoja, Simon Blackler, mwenye kampuni ya Krystal, aliwaongoza wenzake kudai mkutano maalum. Sheria ya makampuni ya Uingereza inawaruhusu wanachama wenye asilimia 5 ya kura kuulazimisha uongozi uitishe mkutano kama huo. Hoja ilikuwa ya kuwaondoa wakurugenzi 5, wakiwemo mwenyekiti Mark Wood na mkurugenzi mkuu Russell Haworth. Haworth alijiuzulu siku moja kabla ya kura. Mnamo Machi 22, 2021, hoja ilipita kwa asilimia 52.74. Hakuna aliyevunja dirisha wala aliyekwenda mahakamani. Katiba ilisomwa, saini zikakusanywa, kura zikahesabiwa, wakubwa wakaondoka.

Je, tuseme basi kwamba dawa imepatikana? La, hasha. Hapa nawaomba wasomaji tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: mwanachama na mteja. Walimu wenye akiba katika vyama vya ushirika wanajua kwamba humo mweka akiba ndiye mwanachama, na kila mwanachama ana kura moja, awe na akiba kubwa au ndogo. Katika Nominet, uzito wa kura hutegemea wingi wa majina ambayo mwanachama anayasimamia, ingawa wakubwa wamewekewa kikomo. Tena, muuza maua wa London aliyelipia jina la duka lake si mwanachama kwa sababu hiyo tu. Aliyepiga kura mwaka 2021 ni yule aliyemuuzia. Masilahi ya wawili hao hukutana wanapotaka ada nafuu, lakini hayakutani kila mahali. Masjala inaweza kuwatii wanachama wake kikamilifu na bado ikamsahau mteja.

Kisa cha kimalizio cha .org kinatuonyesha hali ya mteja asiye na kura. Kimalizio hicho, kinachotumiwa na mashirika mengi ya hisani, kilikuwa chini ya shirika lisilo la faida liitwalo Internet Society. Mnamo Novemba 2019 shirika hilo lilitangaza kwamba litaiuza masjala yake kwa Ethos Capital, kampuni ya wawekezaji, kwa dola bilioni 1.135. Waliokuwa wakilipia majina hayo hawakuulizwa. Silaha yao ilikuwa sauti tu, nao waliipaza, hata mwanasheria mkuu wa jimbo la California akaandika kuupinga mpango huo. Mnamo Aprili 30, 2020, ICANN, shirika linalosimamia mpangilio wa majina duniani, lilikataa kuidhinisha uuzaji huo. Wateja waliokoka, lakini waliokolewa na kelele na huruma za wengine. Haki isiyo na mlango wake maalum wa kupitia hutegemea bahati.

Nasi hapa Kenya je? Kimalizio cha .ke kilianza mwaka 1993, na tangu mwisho wa mwaka 2002 kimekabidhiwa KeNIC, taasisi isiyo ya faida yenye makao yake Nairobi. Vyuo vyetu hutumia .ac.ke na shule .sc.ke, yakiuzwa kupitia kwa mawakala. Sina tuhuma yoyote dhidi ya taasisi hiyo, wala makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kuishtaki. Lakini anayelipa ana haki ya kuuliza. Ada hupangwa kwa kigezo gani? Ziada huenda wapi? Wanaoketi katika halmashauri huchaguliwa na nani, na kwa muda gani? Mteja aliyedhulumiwa na wakala hupeleka wapi malalamiko yake, na hujibiwa baada ya siku ngapi? Majibu ya maswali haya yapasa kuchapishwa mahali ambapo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuyasoma. Tena, ni vyema mwenye jina wa kawaida awe na kiti, japo kimoja, mahali ambapo maamuzi hufanywa.

Nasi wateja tuna wajibu wetu. Walimu wakuu na wachunguze leo hii jina la shule limeandikishwa kwa nani: kwa shule yenyewe, au kwa fundi aliyeitengeneza tovuti? Ikiwa ni kwa fundi, siku akikosana na shule ataondoka na jina mfukoni, na mbele ya masjala yeye ndiye mwenyewe. Tarehe ya kulipa na iwekwe katika kumbukumbu za ofisi, si katika kichwa cha mtu mmoja.

Wanafunzi nao wanafundishwa madarasani habari za bunge, mahakama na kaunti. Hilo ni jema. Lakini watakapokuwa watu wazima, sehemu kubwa ya maisha yao itaendeshwa na taasisi ambazo hazimo katika karatasi ya kura ya uchaguzi mkuu. Wafundishwe kusoma katiba ya taasisi kama hizo, kuitazama hesabu iliyokaguliwa na kuuliza swali kwa adabu, kisha kulirudia hadi lijibiwe. Wanachama wa Nominet walishinda kwa sababu walikijua kifungu kimoja cha sheria na wakakitumia. Asiyekijua kifungu hicho ataendelea kulipa kila mwaka, na kunung'unika kila mwaka, bila ya mtu kumsikia.