Saa 48 za Sherifu

Novemba 2008, mjini Allentown, jimbo la Pennsylvania, polisi walimkamata mwanamume mzaliwa wa New Jersey, raia wa Marekani tangu siku aliyozaliwa. Alikuwa na leseni yake ya udereva na kadi yake ya hifadhi ya jamii. Dhamana ililipwa, lakini mlango wa mahabusu ya kaunti ya Lehigh haukufunguliwa: Uhamiaji walikuwa wametuma karatasi kuomba azuiwe. Alikaa ndani siku tatu hivi, hadi maofisa wa Uhamiaji walipomhoji na kutambua kuwa wamemshika mwenyeji.

Aliposhtaki, kaunti ilijitetea kwamba haikuwa na hiari, kwa kuwa karatasi ile ilitoka serikali kuu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliyoko Philadelphia ikaamua kwamba karatasi ile ni ombi, wala haimlazimishi mtu. Kaunti ikilitii, inaweza kushtakiwa kwa ilichokitenda.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam jambo hili ni gumu kulielewa. Kwetu Polisi na Uhamiaji wote wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Amri ikitoka juu, inashuka. Marekani haiko hivyo. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na wakala wake, ICE, uko chini ya Washington. Lakini mtu akikamatwa kwa ulevi barabarani au ugomvi wa nyumbani, kwa kawaida hupelekwa mahabusu ya kaunti, na sehemu nyingi mwenye funguo ni sherifu, ofisa aliyechaguliwa kwa kura za watu wa pale. Rais hana uwezo wa kumfukuza kazi.

Tena Washington haiwezi hata kumpangia kazi. Msingi huo uliwekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1997, katika kesi iliyohusu bunduki. Sherifu Jay Printz wa Montana alikataa kutumikishwa na serikali ya shirikisho kuchunguza rekodi za wanunuzi wa bastola, na akashinda. Uamuzi huo ndio ngao ambayo leo miji inayokataa kushirikiana na ICE hujikinga nayo, ile inayoitwa miji ya kimbilio.

Jina hilo limewaponza wengi. Watu hudhani mji wa kimbilio ni mahali ambapo ICE haiwezi kuingia, na mimi nimewasikia wakishauriana kuhamia huko kana kwamba kuna ukuta. Ukuta haupo. Maofisa wa ICE wanaweza kumkamata mtu barabarani Chicago kama wanavyoweza kumkamata Houston. Wala mji hauwezi kuficha alama za vidole: zikishachukuliwa mahabusu hutumwa FBI, na tangu mpango ulioanza mwaka 2008, kutoka FBI hupitishwa kwa Uhamiaji. Kinachokataliwa ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri, ingawa kina uzito: kuipa ICE tarehe ya mtu kutoka, kutumia askari wa mji kwa kazi yake, na zaidi ya yote, kumshikilia mtu saa za ziada.

Saa hizo huandikwa 48, nazo huanza kuhesabiwa pale mtu alipostahili kwenda nyumbani. Hati inayoambatana na ombi hilo husainiwa na ofisa wa Uhamiaji, jaji hajaiona. Kwangu hapo ndipo penye kidonda. Kumzuia mtu ambaye mahakama imemwachia ni kumkamata upya, na Katiba ya Marekani inataka ukamataji uwe na sababu ya kutosha. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko Oregon iliona kaunti ya Clackamas ilivunja haki ya mwanamke mmoja kwa kumshikilia hivyo, na masherifu wengi wakaacha kuyatii maombi hayo. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya Massachusetts ilikwenda mbali zaidi: ilisema sheria ya jimbo haiwapi maofisa wake mamlaka ya kumkamata mtu kwa ombi hilo pekee.

Wapo pia masherifu wanaotaka kushirikiana. Kifungu cha 287(g) cha sheria ya uhamiaji, kilichotungwa mwaka 1996, huwaruhusu kutia saini mkataba na ICE ili askari wao wafanye baadhi ya kazi za Uhamiaji. Florida ilitangulia mwaka 2002. Kaunti ya Maricopa, Arizona, chini ya Sherifu Joe Arpaio, ilionyesha madhara yake: mwaka 2013 jaji alikuta askari wake wakiwasimamisha madereva kwa sababu ya sura zao za Kilatino. Mikataba ya doria za barabarani ilikomeshwa mwaka 2012, ikafufuliwa mwaka 2025. Na kwa kuwa kaunti ni mtoto wa jimbo, ngao ya Printz haiikingi dhidi ya mzazi wake. Mwaka huohuo wa 2025 Texas ilipitisha sheria ya kuwalazimisha masherifu wanaoendesha mahabusu watie saini mikataba ya 287(g). Illinois na California zimeelekea upande wa pili.

Haya yanawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, wakiwemo maelfu ya Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Mama anayepigwa na mumewe, akiamini kila polisi ni Uhamiaji, hatapiga simu, na hofu hiyo haimlindi yeyote ila anayempiga.

Ndugu yako akikamatwa, kwanza ujue ni kaunti gani. Kisha, kabla hamjachangishana fedha za dhamana, muulizeni wakili kama Uhamiaji wameshatuma ombi la kumzuia. Likiwepo, na sherifu akiwa analitii, siku mtakayolipa dhamana ndiyo siku saa 48 zitakapoanza, na huenda asitokee mlango mnaomngojea.