Kimeng'enya Kilichohesabiwa Vibaya

Miaka ile efavirenzi ilipokuwa kwenye dozi ya kawaida ya ARV, mgonjwa wa Makorora, Tanga, aliambiwa ameze kidonge chake usiku, wakati wa kulala. Miligramu 600 kwa mtu mzima, awe nani. Kulipokucha, mmoja alikwenda zake sokoni. Mwenziwe alitoka chumbani akishika ukuta kwa kizunguzungu, usiku kucha kaota majinamizi.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye ini. Humo mna CYP2B6, kimeng'enya kinachofanya kazi kubwa ya kuivunja efavirenzi. Kwa muda mrefu wataalamu walikipita haraka, maana kilidhaniwa hakifiki hata asilimia 1 ya vimeng'enya vya ukoo wake, saitokromu P450.

Kasoro ilikuwa kwenye kipimo. Kimeng'enya hutafutwa kwa kingamwili: sungura, kwa mfano, hudungwa kipande cha protini, mwili wake ukakiona kigeni na kutengeneza kingamwili za kukinasa. Protini za ini husukumwa kwa umeme ndani ya jeli, ndogo zikitangulia na kubwa zikichelewa, kisha huhamishiwa kwenye utando mweupe na kuloweshwa zile kingamwili. Zikinasa, hujitokeza mstari mweusi, mwembamba kama wa kalamu. Ukikolea, protini ni nyingi.

Sasa, kingamwili nyingi za mwanzo zilitokana na vimeng'enya vya panya. Zilikishika cha binadamu kwa ulegevu, au zikamshika ndugu yake. Mwaka 1999 Stresser na Kupfer walieleza kingamwili iliyolenga kipande kifupi cha CYP2B6 chenyewe. Kwa vipimo makini zaidi makadirio yalipanda hadi kati ya asilimia 2 na 10. Lililonigusa mimi zaidi ni jingine: ini la huyu mstari umekolea, la yule hauonekani sawasawa.

Sababu mojawapo ni badiliko la jeni liitwalo 516G>T, linalopunguza protini hiyo hata dawa ikarundikana mwilini, nasi Waafrika tunalo kwa wingi. Hata kati yetu tunatofautiana: mwaka 2013 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Ethiopia na Sweden walichapisha ulinganisho: Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi katika damu kuliko Waethiopia, dozi ikiwa ile ile.

Sasa dolutegraviri imeshika nafasi ya efavirenzi. Lakini artemetha, iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria, nayo kwa sehemu huvunjwa na CYP2B6.