Kuketi nyuma ya darasa: namna mwalimu wa shule ya msingi anavyojifunza kuona



Huko Lubumbashi, katika majuma fulani ya mwaka wa masomo, watoto wa mwaka wa kwanza wanafika asubuhi na kukuta wageni katika darasa lao. Ni vijana wa miaka 17 au 18, wamevaa nyeupe na buluu kama wanafunzi wote wa nchi yetu. Wanaketi nyuma kabisa, kaye juu ya magoti, na hawasemi neno. Watoto wanageuka kuwatazama. Mzazi anayemleta mtoto wake anauliza mlangoni: hawa ni nani, na mbona wamekaa tu bila kazi?

Wako kazini. Hao ni wanafunzi wa ualimu walio katika staji ya kutazama. Kazi yao ya kwanza si kufundisha, ni kuona. Wazazi wengi hawaielewi kazi hii, na hata baadhi ya shule huihesabu kuwa karatasi ya kujaza tu. Lakini hapo ndipo mwalimu wa kesho anapojifunza kumtambua mtoto wako, au kumpita bila kumwona.

Walimu wetu wanatoka wapi

Katika Katanga, kanisa na shule vilifika kwa njia moja. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa mfalme Msiri, mwaka 1886. Wamethodisti walifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa muda mrefu, katika vituo vya misioni, mara nyingi mtu mmoja ndiye aliyefundisha watoto kusoma siku za kazi na kuongoza maombi siku ya Mungu, naye aliitwa mwalimu.

Mwaka 1974 serikali ilichukua shule zote mikononi mwake. Kisha, kwa Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, ilirudishia makanisa usimamizi wa shule hizo. Tangu hapo shule nyingi za msingi ni za serikali lakini zinasimamiwa na makanisa. Zile za Kiprotestanti zinasimamiwa na Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya staji, hatuzungumzi juu ya mambo ya ofisi za mbali. Mara nyingi darasa lile liko katika uwanja mmoja na kanisa letu.

Mwalimu wa shule ya msingi kwa kawaida anatoka katika shule ya sekondari yenye sehemu ya ualimu, ile tunayoiita pedagojia. Akimaliza mwaka wa nane, anasoma miaka 4 ya sehemu hiyo, kisha anafanya Mtihani wa Serikali, Exetat. Vyuo vikuu vya ualimu, kama ISP ya Lubumbashi, kazi yao hasa ni kutayarisha walimu wa sekondari. Maana yake ni hii: kijana anaweza kupata diploma akiwa na miaka 18, na mwezi wa tisa unaofuata akakabidhiwa watoto 60 au 70, peke yake. Kabla ya siku hiyo, staji ndiyo nafasi yake ya kujifunza ndani ya darasa la kweli, pembeni ya mwalimu mwenye uzoefu.

Programu ya masomo ni moja kwa nchi nzima. Haya yanayosemwa juu ya Lubumbashi, wasomaji wa Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma na Bunia watayatambua pia kwao.

Ngazi tatu

Kwa kawaida staji inapanda ngazi tatu. Kwanza, kutazama: mwanastaji anaketi nyuma na kuandika. Pili, kushiriki: anasaidia mwalimu kusahihisha makaye, kupanga vifaa, kuongoza kikundi kidogo. Tatu, kufundisha: anatayarisha fishi yake, anasimama mbele ya ubao, na mwalimu mwenyeji ndiye anayeketi nyuma.

Vijana wengi wana haraka ya kufika ngazi ya tatu. Kusimama mbele kunaonekana kuwa ndio ualimu wenyewe. Lakini asiyejua kutazama darasa la mwenzake hataliona darasa lake mwenyewe, kwa sababu siku ile atakuwa anafikiria fishi, chaki na saa.

Kitu gani kinaandikwa

Mwanastaji anaingia na karatasi yenye mistari ya kujaza: tarehe, darasa, somo, lengo la somo. Anafuata hatua za somo kama alivyofundishwa: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu ya watoto, kutangaza somo jipya, kulichambua, kulikusanya kwa ufupi, na mwishoni kupima kama watoto wameelewa. Hayo ni mazuri, na yanamsaidia kuona kwamba somo lina mwanzo na mwisho.

Hatari ni kwamba anaweza kuandika hayo yote bila kumwangalia mtoto hata mmoja. Wako wanaonakili fishi ya mwalimu neno kwa neno na kurudi nyumbani. Kaye imejaa, lakini macho hayakufanya kazi.

Kutazama kwa kweli kunaanza na kutenganisha mambo mawili: kile nilichoona na kile ninachofikiri. Chukua mfano huu. Mwanastaji anaandika, "Mtoto wa dawati la tano ni mvivu." Hiyo ni hukumu, si kitu alichokiona. Akiandika, "Mtoto wa dawati la tano aliinua mkono mara 3, hakuitwa, kisha akalaza kichwa juu ya meza," hapo ameandika kilichotokea. Sentensi ya kwanza inafunga mlango. Ya pili inaleta maswali: kwa nini hakuitwa? Je, mwalimu anaweza kumwona kutoka pale anaposimama? Je, alikula asubuhi?

Iko njia moja nyepesi ambayo haihitaji faranga hata moja. Mwanastaji anachora ramani ya darasa, kila dawati mahali pake. Kila mwalimu anapomwita mtoto kujibu, anaweka alama ndogo juu ya dawati lake. Mwisho wa somo ramani inasema yenyewe. Mara nyingi alama zinajaa mbele na katikati, na madawati ya nyuma yanabaki meupe. Mwalimu hakupanga kuwaacha watoto wale. Katika darasa la watoto 70 macho yanakwenda pale penye mikono mingi. Lakini mtoto ambaye haitwi leo, wala kesho, wala mwezi ujao, anajifunza kwamba hatarajiwi kusema kitu.

Njia nyingine ni kuhesabu ukimya. Mwalimu akiisha kuuliza swali, anangoja muda gani kabla ya kumwita mtu mwingine au kujibu mwenyewe? Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima ukimya huo katika miaka ya 1970. Alikuta kwamba walimu wengi wanangoja kama sekunde 1 tu. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, watoto wengi zaidi walijaribu, na wale waliodhaniwa kuwa wazito walianza kusema. Sekunde 3 haziombwi kwa serikali wala kwa wafadhili. Lakini ni lazima kwanza mtu aketi nyuma na kuona kwamba zinakosekana.

Ni hesabu au ni lugha?

Huko Lubumbashi kuna jambo lingine ambalo mwanastaji mwenye macho ataliona mapema. Mtoto anazungumza Kiswahili nyumbani, njiani na sokoni. Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa katika Katiba, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatoa nafasi kwa lugha za taifa na lugha za mazingira katika kufundisha. Hata hivyo, mjini, mara nyingi mtoto anakutana na Kifaransa tangu siku ya kwanza, na wazazi wengi wenyewe wanakitaka.

Tuseme ni somo la kutoa. Mwalimu anauliza kwa Kifaransa, na mtoto mmoja ananyamaza. Mwalimu anapita kwa mwingine. Lakini mtoto yule yule anauza makala pamoja na mama yake katika komini ya Kenya. Mteja akinunua ya faranga 1500 na kutoa 2000, mtoto anarudisha 500 bila kufikiri mara mbili. Je, mtoto huyu hajui kutoa? Anajua. Ambacho hakukielewa ni swali.

Mwanastaji anayeandika "hajui hesabu" amekosea, na kosa hilo linaweza kumfuata mtoto hadi atakaporudia mwaka. Anayeandika "alinyamaza kwa Kifaransa, akamnong'oneza jirani jibu sahihi kwa Kiswahili" amegundua jambo la maana. Siku atakapokuwa na darasa lake, atauliza swali kwa lugha mbili kabla ya kusema kwamba mtoto hajui.

Heshima mbele ya mwalimu mwenyeji

Baada ya somo, watu wanakaa kulizungumzia. Kwa desturi wanataja kwanza mazuri, kisha yaliyopungua, kisha mashauri. Hapa kuna ugumu ambao kila mtu wa kwetu anauelewa. Kijana wa miaka 17 atasemaje mbele ya mwalimu mwenye umri wa mzazi wake?

Asijifanye mkaguzi. Hakuja kumpima mwalimu, alikuja kujifunza. Badala ya kusema, "Mwalimu hakuwaita watoto wa nyuma," anaweza kuonyesha ramani yake na kuuliza: "Mwalimu, naomba unieleweshe. Darasa likiwa na watoto wengi hivi, unafanya nini ili wale wa nyuma nao waseme?" Swali kama hilo halimwaibishi mkubwa, tena halifichi ukweli. Zaidi ya mwalimu mmoja mwenye miaka mingi kazini angefurahi kuulizwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuketi nyuma ya darasa lake na kumwambia kinachoonekana kutoka huko.

Heshima inawahusu watoto pia. Jambo lililoonekana darasani halipelekwi mtaani, wala kwenye kwaya, hata kama ni kuombea. Katika kaye ya kutazama, mtoto aandikwe kwa nambari ya dawati, si kwa jina. Mtoto aliyekuja bila viatu au aliyelia bila sababu iliyojulikana, mwanastaji amwambie mwalimu mwenyeji peke yake.

Yanayoharibu staji

Tusifiche mambo. Katiba ya 2006 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na serikali ilianza kuitekeleza kwa nchi nzima mwezi wa tisa 2019. Watoto ambao hawakuwa na njia walipata mlango, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini madarasa yalijaa kupita nafasi yake, na mwalimu aliyechoka anapomwona mwanastaji, anaona msaada uliotumwa kutoka mbinguni. Anamwachia darasa siku ya kwanza na kwenda kutafuta la kuongeza kwenye mshahara wake. Tunaweza kumwelewa. Lakini kijana yule anajifunza nini? Anajifunza kupiga kelele ili watoto wanyamaze, kwa sababu ndiyo njia pekee anayoweza kuibuni peke yake. Na ile njia atakwenda nayo miaka 30.

Pengine wanastaji 8 wanatumwa katika darasa moja ambalo halina hata benchi la watoto. Pengine karatasi inatiwa sahihi kwa siku ambazo kijana hakufika, kwa sababu hakuwa na faranga za usafiri kutoka Ruashi au Katuba. Sahihi ipo, lakini hakuna aliyetazama.

Parokia inaweza kufanya nini

Kuna mambo madogo ambayo hayangojei mtu wa Kinshasa.

Kamati ya wazazi inaweza kupatana na mkuu wa shule kwamba katika juma la kwanza mwanastaji haachiwi darasa peke yake, na kwamba hawazidi 2 katika darasa moja. Parokia inaweza kuazima mabenchi ya kanisa siku za kazi. Walimu waliostaafu wako katika kila kusanyiko. Mmoja wao anaweza kukaa na wanastaji saa moja kila Jumamosi na kuwauliza swali moja tu: juma hili ulimwona mtoto gani?

Walimu wa shule ya Jumapili wanaweza kujaribu jambo hili hili. Mmoja afundishe, mwingine aketi nyuma na ramani. Jumapili inayofuata wabadilishane. Wataona haraka ni watoto gani wanaitwa daima kukariri aya, na ni gani hawajawahi kuitwa.

Luka anaeleza kwamba wazazi wa Yesu, akiwa na miaka 12, walimpata hekaluni ameketi kati ya walimu. Alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza. Kwa hiyo, mzazi, ukimkuta kesho kijana ameketi nyuma ya darasa la mtoto wako na kaye juu ya magoti, usimwone kama mtu asiye na kazi. Msalimie. Kisha muulize ameona nini.