FHIA-17: mkungu mkubwa, lakini kirabiranya hakiogopi

Wandugu wanamemba wa koperativi, wengi wanauliza juu ya mgomba wa hibridi unaoitwa FHIA-17. Wengine wanasema ni mgomba usiougua. Hiyo si kweli, na kuamini hivyo kunaweza kumaliza shamba lote.

Ni mgomba gani?

Hibridi ni mtoto wa wazazi wawili tofauti. FHIA-17 ilitengenezwa Honduras, Amerika ya Kati. Mzazi mmoja ni wa jamaa ya Gros Michel, ule wa ndizi tamu. Mwingine ulichaguliwa kwa sababu unavumilia magonjwa.

Sifa zake:

- Unavumilia sigatoka nyeusi, ugonjwa unaokausha majani mbele ya ndizi kukomaa.
- Mkungu ni mkubwa: ukitunzwa vizuri unapita kilo 30.
- Ndizi zake zinaliwa zikiiva, zinapikwa zikiwa mbichi, na zinatoa maji ya kutengeneza kasiksi.

Tena, si kama mahindi ya hibridi, ambayo lazima kununua mbegu kila msimu. Kitoto cha mgomba kinafanana na mama yake kabisa. Koperativi ikipata mbegu safi mara moja, inaweza kuzizalisha yenyewe.

Kupanda

1. Chukua vitoto paka mu shamba lisilo na ugonjwa.
2. Katakata mizizi yote, osha udongo, kiisha chovya kitoto katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hiyo inaua minyoo na mayai ya fukuzi. Haiponyi kirabiranya.
3. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Acha metre 3 kati ya mashimo; hekta moja inachukua migomba kama 1.100.
4. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kilo 20 hivi kwa shimo.
5. Kila shina liwe na mama, mtoto na mjukuu tu. Vingine ondoa.
6. Mkungu ukianza kulemea, weka nguzo. Upepo unaangusha mgomba wenye mzigo.

Kirabiranya

Hapa ndipo hatari. Kirabiranya kilionekana Masisi mwaka 2001, na migomba yote tunayolima inaweza kukipata, hibridi pia. Ukiona majani yananyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, au shina likikatwa linatoa maji mazito ya manjano, ujue ni chenyewe. Kinapita katika mupanga, katika vitoto, na kwa wadudu wanaotembelea ua la chini.

- Ua la chini uliondoe kwa kijiti chenye panda, si kwa mupanga, mara tu kichane cha mwisho kimeshatokea.
- Mupanga uupitishe mu moto, au uuoshe na javeli, mbele ya kwenda kwa shina lingine.
- Shina linalougua likate chini kabisa siku ileile. Usilitembeze mu shamba, na mbuzi wasiingie.

Kazi ya koperativi

Mtu mmoja akitunza shamba na jirani akatembea na mupanga mchafu, kazi ya wote imekufa. Kwa hiyo mkutano ujao uamue mambo mawili: shamba moja la vitoto linalokaguliwa kila juma, na sheria kwamba hakuna kitoto kinachotoka kwa mwanamemba mwenye ugonjwa, hata kwa ndugu yake.